Kucha za Mkono wa Kulia

Sisi tuliosoma enzi za kwenda shule na kidumu cha maji mkono mmoja na fagio mkono mwingine, tunajuana. Hatuna haja ya kuulizana miaka. Ukimwona mtu mzima na heshima zake anasikia mtu akisema "nyoosheni mikono," halafu bila kujijua anakunja vidole, mkumbatie, ni wa kwetu. Alipita mikononi mwa mwalimu wa zamu siku ya Jumatatu, siku ya kukaguliwa kucha.

Nimezaliwa na kukulia Chemchem, hapa hapa Tabora. Utoto wetu ulinukia vumbi la rede, sabuni ya mche na viazi vilivyokauka. Jioni tulikula matobolwa kwa karanga, ile michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa mpaka ikawa laini na tamu kama vile kuna mtu kaimwagia sukari. Tulicheza kombolela mpaka sauti zikakauka. Hatukujua neno "kuboreka." Mtoto aliyesema hana la kufanya alipewa la kufanya, na kwa kawaida lilikuwa sufuria lenye ukoko.

Nilikuwa darasa la tano Baba mkubwa Klementi alipohamia kwetu kutoka Sikonge. Alikuwa kaka yake baba. Mama mkubwa alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mguu wa kulia wa Baba mkubwa ulikuwa umeanza kumsumbua, kwa hiyo baba akaamua aje akae chumba cha uani. Alishuka kwenye lori na dumu la asali, gunia la michembe, na sanduku refu jeusi lenye kiuno kama cha mama mwenye nyumba. Kaka yangu Dani, aliyenizidi mwaka mmoja na kwa sababu hiyo alijua kila kitu, akaninong'oneza, "Hiyo ni bunduki ya tembo."

"Shikamoo, Baba mkubwa," tukaamkia, macho yote kwenye bunduki.

"Marahaba, wanangu. Chukueni asali. Hilo sanduku msiguse."

Jioni ile akalifungua mwenyewe, kwenye kibaraza. Lilikuwa gitaa. Halikufanana na yale ya bendi yenye waya na rangi nyekundu. Hili lilikuwa la mbao tupu, rangi ya chai ya maziwa, na nyuzi zake tatu za chini zilikuwa za nailoni. Baba mkubwa alifundishwa na padri mmoja ujanani, alipokuwa seminari, kabla hajaacha masomo kwa sababu ambayo wakubwa waliitaja kwa kushusha sauti. Tulipokua tukaja kugundua sababu hiyo ilikuwa Mama mkubwa.

Akaweka mguu wa kushoto juu ya kigoda, akapakata gitaa kama mtu anayembembeleza mtoto, akaanza kupiga. Jamani. Mkono mmoja ulikuwa unapiga besi, unapiga sauti ya kati, na juu yake unaimba. Mimi nilizunguka nyuma ya kiti kuangalia kama kuna mwenzake amejificha. Hakuna. Alikuwa peke yake na vidole vyake. Alipomaliza, moyo ulikuwa unanidunda kama nimetoka mchakamchaka.

"Baba mkubwa, tufundishe!" tukasema mimi na Dani kwa pamoja.

Akatutazama. "Mnataka gitaa, au mnataka kuonekana na gitaa?"

"Vyote," Dani akajibu, na Baba mkubwa akacheka hadi akakohoa.

Tuliamini kabisa kwamba kufikia Jumapili tungekuwa tunapiga dansi. Dani alishachagua jina la bendi. Jumapili ikafika, bado tunajifunza kukaa. Mgongo wima, mguu wa kushoto kwenye kigoda, bega lishuke. Mama akapita, akaniona nimetanua miguu, akarudi ndani, akatoka na kitenge na kunifunga mapajani kwa nguvu za mtu anayefunga mzigo wa tumbaku. Ndivyo nilivyopiga gitaa utoto wangu wote, nimefungwa kitenge.

Wiki ya pili tukaruhusiwa uzi mmoja. Mmoja! Kidole cha shahada, cha kati, cha shahada, cha kati, kama mtu anayetembea kwenda mahali asipopajua. Ncha za vidole vya mkono wa kushoto zilivimba na kuuma hata kushika kalamu ikawa shida. Mama alisema nichovye kwenye maji ya chumvi. Jirani akasema mafuta ya taa. Baba mkubwa akasema, "Zichovye kwenye gitaa."

Siku ya kumi na moja Dani alisimama, akakiweka kigoda vizuri ukutani, na kutangaza kwa heshima zote, "Mimi nimestaafu." Akachukua mpira wake wa makaratasi, akaenda zake.

Mimi nilibaki, na sitadanganya kwamba nilikuwa na moyo wa chuma. Nilibaki kwa sababu ya ujanja wa Baba mkubwa. Alikuwa na sheria moja: unafanya mazoezi tangu birika linapowekwa jikoni kwa chai ya saa kumi mpaka linapochemka. Likichemka, gitaa linarudi sandukuni, hata kama uko katikati. Ukilia, hupewi. Ukibembeleza, hupewi. "Kesho," anasema, na kufuli linalia ka!

Sijui kama mnaelewa hiyo inamfanya nini mtoto. Kitu unacholazimishwa unakikimbia. Kitu unachonyang'anywa unakiota. Nikawa nawaza gitaa kwenye hesabu, kwenye maarifa ya jamii, kwenye misa. Nikaanza kujaza birika mpaka mdomoni. Halafu nikagundua kwamba ukipita karibu na jiko na kikombe cha maji baridi, ukayamimina kidogo, birika linatulia kabisa kama limesahau lilichokuwa linafanya. Nikapata dakika tano za ziada. Siku iliyofuata kumi. Mama akaanza kushangaa.

"Hivi haya makaa ni ya mti gani?" alisema, akipepea jiko. "Chai tangu saa kumi, sasa saa kumi na moja, maji yako vuguvugu!"

Alibadilisha makaa. Akamlaumu muuza makaa mbele za watu. Akalishuku birika lenyewe, akaligeuza juu chini kutafuta tundu. Siku aliponikamata na kikombe mkononi nilidhani leo ndiyo leo. Alinitazama, akatazama gitaa, akatazama birika. Kisha akakaa chini pale pale jikoni, akacheka hadi machozi yakamtoka. "Mtoto huyu," akamwambia baba jioni, "ananiibia makaa kwa ajili ya ting ting."

Baada ya miezi kama mitatu nikapewa wimbo wangu wa kwanza. Ulikuwa zoezi fupi, vyumba vinane tu vya nota, kama Baba mkubwa alivyokuwa akiviita, vilivyotengwa kwa mistari kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya njano. Na kwa ajili ya wimbo huo alinitaka nifuge kucha za mkono wa kulia. Gitaa la aina ile hupigwa kwa kucha, alisema. Za kushoto zikatwe kabisa ili zisizuie nyuzi, za kulia zikue kidogo ili sauti iwe na mwanga. Nilizifuga kwa mapenzi. Nilizisugua kwa mchanga mlaini wa uani. Jumatatu tatu mfululizo nilipona kwenye ukaguzi kwa sababu walimu wa zamu, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wamesahau miwani.

Kucha zilikua. Wimbo haukukua. Chumba cha kwanza mpaka cha nne nilipita nikiimba, ila cha tano kilikuwa shimo. Kidole cha mwisho, kile kidogo kisicho na kazi yoyote duniani, kilitakiwa kunyooka mpaka kwenye chuma cha nne cha shingo ya gitaa huku wenzake wametulia. Hakikutaka. Wiki nzima hakikutaka. Wiki ya pili nikawa nafika pale naganda kama punda mbele ya daraja. Nikaanza kuwaonea wivu waliokuwa wanacheza rede nje. Nilisikia vicheko vyao, na mimi nimefungwa kitenge na chumba cha tano. Jumapili moja baada ya misa nikaenda uani.

"Baba mkubwa, nimeacha gitaa."

"Sawa," akasema, akiendelea kumenya karanga.

Sawa? Mtu mzima mzima anasema sawa? Nilitegemea aniombe. Nilitegemea ahuzunike walau robo. Nilikaa siku ile nimenuna, birika likachemka haraka ajabu, na chai ile haikuwa na ladha.

Jumatatu asubuhi tukajipanga mstarini. Mwalimu wa zamu wiki ile alikuwa Mwalimu Kapela. Huyu hakuhitaji miwani. Alikuwa anaona chawa kichwani kwa mtu aliye darasa la pili yeye akiwa darasa la saba. Akapita mstari kwa mstari na fimbo yake kwapani. Na mimi, aliyeacha gitaa jana yake, nilikuwa nimesahau kukata kucha. Au sikusahau. Mpaka leo sina hakika. Wembe ulikuwepo pale dirishani, niliuona asubuhi, nikaupita.

Akasimama mbele yangu. Akaangalia mkono wa kushoto: kucha zimekatwa hadi kwenye nyama. Akaangalia wa kulia.

"Sesilia," akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye tanki la maji. "Huu mkono mwingine unaishi kwa mama wa kambo?"

Shule nzima ikaangua kicheko.

"Ni za gitaa, mwalimu."

Neno lilinitoka lenyewe. Kicheko kikaongezeka. Mwalimu Kapela akanyoosha kidole, kicheko kikakatika kama maji yamefungwa.

"Za nini?"

"Za kupigia gitaa, mwalimu. Gitaa la vidole."

Nadhani katika miaka yake yote ya kazi alishasikia kucha za kukuna upele, kucha za kumenyea machungwa, kucha zilizoachwa kwa sababu ya msiba. Hii ilikuwa mpya.

"Vizuri," akasema. "Ijumaa utalileta hilo gitaa hapa mstarini. Ukitupigia wimbo, kucha zako zibaki. Usipotupigia, nitazikata mimi, mbele ya wote, na utadeki madarasa yote saba. Umesikia?"

"Ndiyo, mwalimu."

Nilikimbia kutoka shule hadi nyumbani bila kupumzika. Baba mkubwa alikuwa kibarazani amenyoosha mguu. Nilimsimulia yote, na alicheka mpaka akashika goti kwa maumivu, akacheka tena.

"Lakini nilisikia umeacha," akasema akijifuta macho.

"Nimerudi."

"Karibu. Ulisafiri salama?"

Kisha akaacha utani. Akaniambia nimpigie wimbo. Nikapiga, nikafika chumba cha tano, nikatumbukia. Akaichukua ile karatasi, akaifunika yote kwa kiganja chake, akaacha chumba cha nane peke yake.

"Anza mwisho."

"Mwisho?"

"Babu yangu alikuwa mpagazi," akasema. "Alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, na akarudi. Alikuwa anasema wakienda, watu huchoka, hulalamika, wengine hutoroka porini. Wakirudi, mwendo ni ule ule, jua ni lile lile, lakini hakuna anayechoka. Unajua kwa nini? Kila hatua wanaingia mahali wanapopajua zaidi. Wewe kila siku unaanza mwanzo, unatoka nyumbani unaelekea porini. Leo tugeuze."

Tukageuza. Nikajifunza chumba cha nane mpaka nikakipiga nimefumba macho. Kisha cha saba, nikaingia cha nane, na niliposhika njia ile niliyoijua nilihisi kama nimeona bati la kwetu kwa mbali. Kisha cha sita. Jumanne birika lilichemka mara nne. Baba mkubwa hakuvunja sheria yake, alichofanya ni kuagiza chai nyingine. Tulikunywa chai nyumba nzima. Baba yangu alisema hajawahi kunywa chai nyingi kiasi kile tangu siku ya harusi yake. Jumatano jioni nikaingia chumba cha tano kwa mlango wa nyuma, kidole kidogo kikanyooka, kikakanyaga chuma cha nne, na nikatokea upande wa pili. Nilipiga ukelele. Mama alitoka jikoni na mwiko akidhani nimeona nyoka.

Alhamisi uzi wa kwanza ukakatika. Paa! kama kiboko. Hapakuwa na uzi wa gitaa wa kununua mjini kote. Nilikaa chini nikalia kweli. Mama akajifunga khanga, akaenda kwa jirani mmoja aliyekuwa akivua samaki bwawa la Igombe, akarudi na mshipi umezungushwa kwenye kipande cha mti.

"Hii inabeba kambale," akasema. "Itabeba na wimbo."

Ijumaa asubuhi niliingia shuleni na sanduku jeusi, Dani akinitangulia kusafisha njia kama vile hakuwahi kustaafu. Nikawekewa kiti mbele ya mstari. Nikaweka kigoda, nikafunga kitenge juu ya sketi, wasichana wakacheka kwa kuficha midomo. Nikagusa uzi wa kwanza kujaribu: umelegea! Mshipi wa kuvulia samaki hunyooka kila ukiuvuta, hilo hakuna aliyeniambia. Nikaanza kuukaza. Ting. Tiing. Tiiing. Nikasikiliza na ule wa pili. Ting tong. Nikazungusha tena kidogo. Ting tong. Sawa.

Shule nzima ikapiga makofi.

Walidhani ndiyo wimbo. Walishangilia kwa moyo, wengine wakapiga mbinja, Mwalimu Kapela mwenyewe akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Nilitaka kufa kwa kicheko na kwa hofu kwa wakati mmoja. Na kile kicheko nilichokimeza ndicho kilichoniokoa, maana nilisahau kuwaogopa. Nikaanza wimbo wenyewe. Chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Cha tano kikaja, kidole kidogo kikaenda kilipotakiwa, na kuanzia hapo nilikuwa nateremka kwenda nyumbani. Cha nane kikalia, nikaacha uzi utetemeke mpaka ukanyamaza wenyewe, kama nilivyofundishwa.

Kunguru akalia juu ya bati la ofisi.

"Umemaliza?" Mwalimu Kapela akauliza.

"Nimemaliza, mwalimu."

"Mbona umekwisha mara moja? Rudia. Tulikuwa hatujatulia."

Nikarudia. Akasema nirudie tena, kwa ajili ya waliochelewa. Mara ya tatu darasa la kwanza walikuwa wameshika sauti na wanaimba "na-na-na" juu yake. Nilirudi nyumbani nikiwa na kucha zangu zote tano, na kichwa kikubwa kuliko sanduku. Baba mkubwa alinisubiri getini, na mguu wake ule mbovu. "Mwangaluka, mwanamuziki," akasema, salamu ya asubuhi kwa Kinyamwezi, wakati ilikuwa saa nane mchana. Nilimwelewa. Kwake yeye ndiyo kwanza kulikuwa kunakucha.

Jumatatu iliyofuata kwenye ukaguzi, watoto wasiopungua thelathini walinyoosha mikono yenye kucha ndefu upande mmoja, na kila mmoja akajibu bila kupepesa, "Za gitaa, mwalimu." Mwalimu Kapela alikata zote.

Sikuwa mwanamuziki mkubwa. Nilikuja kuwa muuguzi, na wauguzi hawafugi kucha. Lakini nimeendelea kupiga kwa vidole vitupu, taratibu, miaka yote hii, na sasa gitaa lile analipiga binti yangu Neema. Mungu awabariki watoto wa siku hizi. Neema ana simu inayomwambia uzi umelegea au umekaza, ina mwalimu anayevuta kamera mpaka unaona vinyweleo vya vidole, na inampa nyota za pongezi akifanya mazoezi siku tatu mfululizo. Siku ya nne akikosa nyota analala na huzuni, anasema hana mzuka wa kupiga. Nilimwuliza mzuka unauzwa wapi, akasema, "Mama, huelewi." Kweli sielewi.

Ila kuna kitu kimoja kinachonitia simanzi. Enzi zetu mtu alikuwa anajifunza hadharani. Makosa yangu yalisikika mtaa mzima. Mama mmoja wa nyumba ya tatu alikuwa akifua nguo huku anaimba zoezi langu, na alipofika nilipokuwa nakwama, naye alikwama, akasubiri. Neema anajifunza mlango umefungwa, masikio yamezibwa kwa vispika. Anajirekodi, akikosea anafuta, anajirekodi tena. Ndugu zake huonyeshwa ile moja iliyokamilika, na wanadhani alizaliwa hivyo.

Jumamosi iliyopita nilipita koridoni na nguo zilizokauka, nikasikia nota moja imepotoka vibaya, kisha kimya, kisha ile ile tena, imepotoka vile vile. Nikatabasamu peke yangu. Nadhani alisikia hatua zangu.

"Mama, usisikilize!" akapiga kelele toka ndani. "Bado sijui!"

"Sijasikia kitu," nikasema.

Nikatembea kwa kukanyaga kwa nguvu mpaka mwisho wa koridoni ili ajue nimeondoka. Halafu nikavua ndara, nikarudi taratibu, nikakaa chini sakafuni nimeegemea mlango wake, nguo mapajani, nikamsikiliza mwanangu akikosea.